Mbavu za gitaa na ukoo wa mpingo

(Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi seremala na walimu wa muziki hapa Dar es Salaam. Walioniomba niyaandike ni wale waliokaa nyuma, karibu na jenereta.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mafundi, vijana wa muziki, hamjambo.

Hapa mezani nimeweka vipande vitatu vya mbao. Vizungushwe, kila mmoja avishike. Msiharakishe kuvitazama, vishikeni kwanza. Kimoja kina rangi ya kahawia iliyochanganyika na zambarau, hicho asili yake ni India. Kingine ni cheusi na kizito utadhani chuma. Yeyote aliyewahi kupita Mwenge kwa wachongaji anakijua, sina haja ya kukitaja. Cha tatu nimekipiga msasa mpaka kimebaki milimita mbili na sijakipaka chochote. Atakayekitambua kabla sijakitaja, chai na chapati zake nalipa mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza magitaa ya klasiki. Ni lile la nyuzi za nailoni, linalopigwa kwa vidole na kucha, mpigaji kakaa na mguu wa kushoto umepandishwa kwenye kijibao. Halichomekwi kwenye spika. Sauti yote inatoka tumboni mwake, kwa hiyo mbao zake hazina mahali pa kujificha. Leo nitazungumzia mbavu tu. Uso wa gitaa una wasemaji wengi, na wanastahili, maana uso ndio unaoimba. Mbavu ni zile mbao mbili nyembamba zilizopindwa, zinazolizunguka tumbo na kushikanisha uso na mgongo. Kila ubavu una urefu wa sentimita 80 hivi, upana wa sentimita 10 au 11 kabla ya kupunguzwa, na unene wa milimita mbili na kidogo. Najua kwa fundi wa makabati milimita mbili si ubao, ni ganda la kitunguu.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: rozwudi ipi ni nzuri kwa mbavu? Ya Brazil, ya India au ya Madagaska? Watu wanauliza kama wanaochunguza ukoo wa mchumba. Mimi ukoo nauliza mwisho. Kwanza nataka kujua ubao ulipasuliwa vipi na umekauka kiasi gani. Lakini kwa kuwa mmekuja kwa ajili ya ukoo, tuanze nao.

Rozwudi kwa Kiingereza maana yake ni mti wa waridi. Wala hautoi maua ya waridi. Ni harufu: ukiupitisha msumeno, karakana nzima inanukia kama duka la manukato. Wataalamu wa mimea wao wana jina la jamii nzima, Dalbergia. Ndani ya jamii hiyo yumo Dalbergia nigra wa Brazil, yumo Dalbergia latifolia wa India, yumo kokobolo wa Amerika ya Kati, yumo na yule wa Belize na Honduras anayechongwa funguo za marimba za okestra. Na yumo Dalbergia melanoxylon. Huyo wa mwisho nyinyi mnamwita mpingo.

Kwa hiyo rozwudi mnayoisikia kwenye midomo ya Wazungu kwa bei ya kutisha ni binamu ya fimbo ya babu yako. Ni binamu ya mchi wa kutwangia na ya vinyago vya Kimakonde. Klarineti na oboe za okestra za Ulaya nyingi zimechongwa kwa mti uliokatwa Tanzania au Msumbiji. Hatujaanza leo kuwauzia watu muziki, tatizo letu ni kwamba tunauza gogo.

Hapo kwenye majina nitoe kisa. Mwaka mmoja alinijia bwana kutoka Nairobi, kasafiri kwa basi na mzigo wa mbao umefungwa kwa shuka. Alisoma mahali kwamba magitaa bora duniani yametengenezwa kwa jakaranda. Akaukata mjakaranda wa uani kwake, ule wenye maua ya zambarau yanayotapakaa barabarani, akaupasua, akaniletea. Sikujua nicheke au nimpe maji. Brazil wanaposema jacarandá wanamaanisha rozwudi yao, Dalbergia nigra. Mjakaranda wa Nairobi ni mti mwingine kabisa: mweupe, laini, mwepesi. Wakamba wanauchonga vinyago vizuri sana, na kwa hilo unafaa, ila hauna undugu wowote na mpingo. Nilimtengenezea meza ndogo ya chai. Anayo mpaka leo.

Sasa, gitaa na rozwudi walioanaje? Karne ya 19 kule Hispania fundi alikuwa na njia mbili. Mteja mwenye pesa chache alitengenezewa gitaa la mbavu za msaipresi, mti wa nchini, mweupe na mwepesi. Mteja mwenye pesa zake alipata rozwudi iliyovuka bahari kutoka Amerika. Wapigaji wa flamenko, muziki wa asili wa Hispania, wakabaki na msaipresi kwa sababu ya mfuko, halafu masikio yao yakauzoea, hata wale walioneemeka baadaye hawakuuacha. Wa klasiki wakabaki na rozwudi. Mimi naona nusu ya tunachokiita sauti ya asili ya gitaa fulani ilianzia kwenye pochi ya mteja.

Gitaa la klasiki kwa umbo tunalolijua leo lina deni kubwa kwa Antonio de Torres wa Almería, aliyezaliwa 1817 na kufariki 1892. Torres alitumia rozwudi, alitumia msaipresi, alitumia mepo. Na mwaka 1862 alifanya jambo ambalo kila anayebishania mbavu angepaswa kulijua: alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao nzuri, mbavu na mgongo akavitengeneza kwa karatasi ngumu. Karatasi, jamani, ya aina ya boksi. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Gitaa hilo lipo hadi leo kwenye makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster kule Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo. Waliagiza magitaa sita yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kuanzia rozwudi ya Brazil yenye bei ya juu mpaka mbao za kawaida. Wapigaji 52 wakavalishwa miwani ya giza, wakapiga. Hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika, na yale ya mbao za bei mbaya hayakupewa alama za juu kuliko mengine. Ni kweli yalikuwa magitaa ya nyuzi za chuma, siyo ya klasiki, na nyie walimu msiniponde kwa hilo. Hata hivyo nikikumbuka Torres na boksi lake, sioni sababu ya mtu kukopa benki kwa ajili ya mbavu.

Mzee wangu pale mbele ananitazama kwa jicho la, "Sasa ulituitia nini?" Nimewaita kwa sababu mbavu zina kazi yake, na kazi hiyo si ile inayosemwa madukani. Mbavu ni kuta za nyumba. Uso unatetemeka, mgongo unajibu, mbavu zinashika. Zikiwa legelege, nguvu ya nyuzi inapotelea kwenye kuta badala ya kwenda hewani. Zikipasuka, nyumba imepasuka. Ndiyo maana mafundi wengi siku hizi wanabandika mbavu mbili mbili, nje rozwudi na ndani mti mwingine, ili zikaze. Ninachotaka kwa ubavu ni unyoofu, ukavu, na ukubali wa kupinda bila kununa. Rozwudi ya India ina vyote vitatu kwa bei ambayo binadamu anaweza kuilipa. Sababu yangu ya kuipenda ndiyo hiyo. Habari za siri ya sauti nawaachia wenye maduka.

Naomba kile kipande cha India. Tazameni kichwani, pale msumeno ulipokata. Mnaona mistari ya ukuaji imesimama wima, kutoka uso huu kwenda uso ule? Maana yake ubao ulipasuliwa kwa kuelekea kwenye moyo wa gogo. Ubao wa namna hii ukinyauka kwa upana, unanyauka karibu nusu tu ya ule uliopasuliwa ubapa. Tena unapinda sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, hauzunguki kama skrubu. Ule wa ubapa una michoro mizuri, mawimbi na vilima, mteja akiuona macho yanamtoka. Mtengenezee mlango wa kabati. Rozwudi ya Brazil inayozunguka sokoni sasa, nyingi imetokana na visiki vilivyochimbuliwa baada ya miti yenyewe kwisha, na kisiki hakina mstari ulionyooka. Mtu analipa bei ya gari kwa mbao ambazo, zingekuwa mkuyu, asingezitazama mara mbili.

Ugeuzeni ubavuni sasa. Nyuzinyuzi za mti zifuate ubao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zikitokeza juu katikati ya safari, pale zinapotokeza ndipo ubao utakapokatikia, na kwa bahati mbaya ya kudumu itakuwa kwenye kiuno cha gitaa. Njia ya haraka ya kulijua hili ni kuchana kipande kidogo cha pembeni kwa patasi. Mchano ukienda sambamba na ukingo, nunua. Ukikimbilia pembeni, mshukuru mwenye duka, uende zako.

Mbavu zote mbili zitoke kwenye ubao mmoja, moja nyuma ya nyingine, zifunguliwe kama kurasa za msahafu. Weka alama ya chaki upande utakaokuwa wa mgongo kabla hujafanya lolote. Nasema chaki kwa sababu niliwahi kupinda mbavu mbili za kushoto.

Tuje kwenye ukavu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipoumia.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua mbao mbili za mpingo kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Aliniapia zimekauka miaka mitano. Vichwa vimepakwa rangi, safi, nikaamini. Nikazitengeneza, gitaa likatoka jeusi linang'aa kama kiatu cha askari, na mteja akalichukua kwenda nalo Dodoma. Ilikuwa kiangazi. Mwezi wa pili tangu alichukue akanipigia simu: "Fundi, usiku nimesikia kama mtu kavunja kijiti." Ubavu wa kulia ulikuwa umechanika kuanzia chini kabisa kwenda kwenye kiuno, ufa wa shibiri moja na nusu. Mpingo unakauka polepole kuliko subira ya muuzaji yeyote. Nilimlaumu yule bwana kwa muda mrefu. Siku hizi najilaumu mwenyewe, kwa sababu nyumbani nilikuwa na mizani na sikuitumia.

Mizani ya jikoni inatosha. Chukua ubao wako, upime, andika uzito kwa penseli juu yake pamoja na tarehe. Wiki inayofuata pima tena, andika. Ukipungua, bado una maji. Endelea mpaka namba zirudie wiki tatu, nne, bila kubadilika. Ubao hauna sababu ya kuudanganya mzani.

Lakini hata hapo hujamaliza, na hili linawakwaza mafundi wazoefu kabisa. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Mbao uliyoianika hapa kibarazani, hata ikikaa miaka kumi, itakauka kiasi ambacho hewa ya hapa imeiruhusu, basi. Kwa kitanda kitakacholala Temeke haina shida. Gitaa lakini linasafiri. Linakwenda Dodoma, linakwenda Arusha, linakwenda Oslo kwenye nyumba yenye hita miezi sita. Likifika huko, ubao unaendelea kukauka huku umebandikwa pande zote, hauna pa kujivutia, unapasuka. Mimi nina kabati la plaiwudi lililozibwa nyufa zote. Ndani kuna balbu mbili za kizamani, zile zenye joto, na kipima unyevu cha bei ndogo. Nikikisogeza kisome asilimia 45 hadi 50, mbao zilizomo zinashuka hadi unyevu wa asilimia 8 au 9. Zinakaa humo miezi. Kupinda, kubandika, vyote nafanya siku kavu, na kazi ikikatishwa na mvua za masika inarudi kabatini. Mke wangu anasema kabati hilo linakula umeme kuliko friji. Hajakosea.

Samaki mkunje angali mbichi, lakini ubavu wa gitaa uache ukauke kwanza, ndipo uupe maji kidogo na moto, uukunje.

Kuhusu uzito, hesabu ni rahisi. Ubavu wa sentimita 80 kwa 11, unene milimita 2.2, ukiwa wa rozwudi ya India una gramu 160 hivi. Wa mpingo, kipimo kilekile, unakaribia gramu 245. Zidisha kwa mbili, ongeza mgongo, na gitaa ambalo lingekuwa na kilo moja na nusu linajikuta limebeba mzigo wa ziada ambao begani mwa mwanafunzi wa miaka kumi na mbili unajulikana. Sauti ya mpingo siilalamikii. Ukishika kipande robo ya urefu kutoka kichwani na kukigonga katikati kwa kifundo cha kidole, kinalia. Haya, gonga hicho hapo. Mmesikia? Utasema sahani ya kauri. Cha India nacho kinalia, kwa sauti ya chini kidogo. Sasa gongeni kipande cha mbao ya paini ya mabati. Puu. Ndiyo tofauti.

Ila kuupinda mpingo, ndugu zangu, ni kazi ya kuombewa dua. Mti wenyewe ni mwembamba, umejaa mifereji na mashimo moyoni. Kupata ubao mmoja mnyoofu wa sentimita 80 usio na ufa wala weupe wa pembeni, utapekua magogo mengi. Ukiupata, kwenye kiuno hautaki. Naupunguza mpaka milimita 1.8, moto nauongeza, na bado kati ya mbavu tano moja inanikatikia. Kijana anayeanza asiuguse. Aanze nao kwenye vitu vidogo: daraja la nyuzi, ubao wa vidole. Pale Mwenge wachongaji wana mabaki ambayo yanatosha kabisa kwa daraja, na wengine watakupa kwa bei ya soda.

Nipitie haraka mambo matatu ya usumbufu. Vumbi la jamii hii ni baya, linawasha macho na ngozi, wengine linawafunga kifua. Barakoa ivaliwe, na siongelei kitambaa kilichoning'inia kidevuni. Pili, mti una mafuta, gundi haiupendi. Ukwangue uso wa ubao, upanguse, ubandike palepale, usiende kwanza kunywa chai. Tatu, tazameni kitambaa hiki cheupe nilichokilowesha spiriti. Nakipitisha mara moja kwenye rozwudi ya India. Mnaona? Zambarau, kama mtu kabana zabibu. Sasa fikiria umeweka mistari myeupe ya urembo kuzunguka uso, halafu unaanza kupaka vanishi ya shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti. Kazi ya wiki mbili imegeuka shati la mtoto. Ziba kwanza rozwudi kwa tabaka jepesi, ukiikwepa ile mistari kwa brashi ndogo, ndipo upake kote.

Mambo ya sheria siyapendi, lakini anayeyapuuza atapoteza gitaa lake uwanja wa ndege. Kuna mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaitwa CITES. Rozwudi ya Brazil iliwekwa kwenye orodha kali kuliko zote mwaka 1992. Hata gitaa lililokamilika halivuki mpaka bila kibali. Mwanzoni mwa 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliyobaki, mpingo wetu ukiwemo, ikaingia orodha ya pili. Wapiga muziki duniani walipiga kelele, maana mtu alihitaji karatasi ili kuuza klarineti nchi jirani. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya jamii hiyo vikaruhusiwa, isipokuwa vya Brazil. Mbao na magogo bado vinataka kibali. Na kabla ya mambo ya nje kuna ya hapa ndani: mpingo uwe na alama ya nyundo na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Anayekuuzia usiku nyuma ya gereji bila hati amekuuzia kesi.

Watu wa Madagaska yamewakuta. Rozwudi yao ni nzuri mno, inakaribiana na ya Brazil, na ndilo kosa lake. Kuanzia msukosuko wa kisiasa wa 2009 ilikatwa hata ndani ya hifadhi, na mwaka 2014 shehena zake zikakamatwa bandarini Mombasa na Singapore. Mtu akikuletea mbao za Madagaska za bei nafuu, jiulize zilipita wapi.

Mimi mpingo wangu nataka utoke Kilwa. Kule kuna vijiji vinavyomiliki na kusimamia misitu yao chini ya utaratibu wa usimamizi shirikishi, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata kwa misitu hiyo cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba msitu unavunwa kwa kutunzwa. Mti unahesabiwa, unakatwa kwa mpango, na pesa inaingia kwenye akaunti ya kijiji. Ni ghali zaidi, na ni sawa iwe ghali. Mti wenyewe unachukua miaka 70 na kuendelea hadi ufae kukatwa. Mimi nautumia kwa siku tatu.

Haya, cha tatu. Nani amekitambua? Wewe wa fulana ya njano umesema nini? Mninga. Mpeni mtu chai yake!

Mninga, ndugu zangu. Kitanda mlicholalia jana. Haumo kwenye ukoo wa Dalbergia, ila ni wa familia moja kubwa ya mikunde. Ni mwepesi kuliko rozwudi, haulii sana ukiugonga, sitadanganya. Lakini kwa kutulia hauna mpinzani: ukishakauka haunyauki ovyo, haupindi, haufanyi fujo. Kwenye bomba la moto tunalopindia mbavu unalegea kama unga uliokandwa vizuri. Gitaa langu la kwanza lililotoka mikononi mwangu bila ufa lilikuwa la mbavu za mninga, na mpigaji mmoja aliyetoka ng'ambo alilishika nusu saa bila kuuliza ni mbao gani. Aliuliza bei. Kumbukeni tu kwamba mwaka 2022 kule Panama mininga ya Afrika nayo iliingizwa kwenye ile orodha ya pili ya CITES, pamoja na mkongo na mkangazi, kwa hiyo hati ni zilezile.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza leo nunue nini: gitaa la kwanza na la pili, mninga wenye hati uliokauka kabatini. Likitoka zuri, rozwudi ya India, mistari wima, rangi yoyote. Mpingo uje ukishavunja mbavu za kutosha za mbao za bei rahisi. Brazil waachieni wenye majumba ya makumbusho.

Nimeshaongea vya kutosha na bomba limepata moto. Ni kipande cha bomba la chuma chenye koili ya jiko ndani, hakuna uchawi. Namwagia tone la maji: likikimbia huku linacheza, tayari, likitulia na kutoa mvuke, bado. Linacheza. Huu ubavu wa mninga nimeulowesha robo saa. Naanza na kiuno, kila siku kiuno kwanza. Naukandamiza kwa viganja, sisukumi kwa mabega. Sasa hivi unakataa, unasikia umekaza. Subiri. Subiri kidogo... hapo, umelegea, nimeusikia mkononi. Kijana wa fulana ya njano, weka kikombe chini, njoo ushike upande ule.